Mwizi Si Yule Anayepiga Kinanda

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote nimeifuta. Ndiyo, ile ya "Watunzi 7 wa Hollywood Ambao ni Wezi". Na ile fupi ya yule msichana wa hapa Nairobi nimefuta pia. Wacheni kuniuliza kwa inboksi kama nimelipwa, kama nimetishwa, ama kama akaunti imedukuliwa. Nimefuta mwenyewe, nikiwa na akili timamu, saa nane usiku, na nikalala vizuri.

Acheni nieleze, halafu mnitukane mkitaka.

Kwa wale wageni: mimi hufanya video kuhusu muziki wa muvi. Si zile nyimbo za kucheza mwisho wakati majina yanapanda. Ni ule muziki wa chini chini, ule unaokufanya ulie kabla hujajua mtu amekufa. Niliupenda nikiwa mdogo kwa kibanda cha video mtaani kwetu, kiingilio bob kumi, muvi zote zina sauti ya DJ Afro juu yake, kwa hivyo muziki ulikuwa unausikia tu pale anapovuta pumzi. Nadhani hiyo ndiyo ilinifunza kusikiliza. Ulikuwa unavizia muziki kama paka anavizia panya.

Sasa, ukitaka watu watazame video kuhusu muziki wa muvi, kuna njia moja rahisi. Unaweka klipu mbili kando kwa kando. Hii ya kwanza, hii ya pili, zinafanana, halafu unaandika MWIZI kwa herufi nyekundu. Imeisha. Hauhitaji kujua noti hata moja. Watu watakuja wenyewe, kwa sababu hakuna kitu binadamu anapenda kama kuonyeshwa kwamba tajiri fulani mwenye Oscar ameiba. Nilifanya hizo karibu mwaka mzima. Zimenilipia nyumba, sitadanganya.

Kisha nikafanya ya msichana.

Alitunga muziki wa filamu fupi ya dakika 14. Ilionyeshwa mahali padogo tu, watu kama hamsini hivi, halafu ikawekwa mtandaoni. Nikasikia ogani. Ogani nzito, polepole, noti zikijirudia na kupanda, zikijirudia na kupanda. Kila mtu ambaye ameona Interstellar ya 2014 anaijua hiyo hisia, ile Hans Zimmer alirekodi kwa ogani ya kanisa la Temple, London. Nikaweka klipu mbili kando kwa kando, nikaandika jina la msichana na lile neno nyekundu. Video ya sekunde 48.

Mnajua ninyi wenyewe mlifanya nini kwa komenti. Mlimfuata mpaka kwa ukurasa wake. Kulikuwa na kazi ya tangazo ambayo alikuwa ameshaahidiwa, wakamwambia "tutakupigia", na mnajua hiyo inamaanisha nini hapa Kenya.

Hakunitukana. Alinitumia voisi moja ya dakika tatu na picha ya skrini. Kwa picha kulikuwa na filamu yenyewe vile alivyoipokea kutoka kwa dairekta, ikiwa bado haijamalizwa. Na chini ya picha, tayari, kwa mkono wa mhariri, kulikuwa kumewekwa muziki wa Interstellar. Dakika zote. Na ujumbe wa dairekta ulikuwa mfupi: fanya kama hii, lakini isifanane sana, hatutaki shida. Malipo 15,000, nusu mwanzo. Siku nne.

Sasa niambieni mwizi ni nani hapo.

Hicho kitu kina jina. Wenyewe wanakiita tempu, yaani muziki wa kushikilia nafasi. Ni kama lile jiwe unaweka kwa foleni ya maji kusema hapa ni pangu, narudi. Mhariri akikata picha, ukimya unamchosha, prodyuza naye hawezi kukaa akiangalia watu wanakimbizana bila muziki, kwa hivyo wanachukua muziki wa muvi nyingine iliyofanikiwa wanaweka hapo chini. Baada ya wiki sita za kuusikia kila siku, dairekta amependa. Ameuzoea kama chai ya mama yake. Ndipo mtunzi anaitwa, mtu wa mwisho mwisho kabisa, pesa zimeisha na tarehe ya kuonyesha imeshatangazwa, na anaambiwa atengeneze chai ile ile kwa majani mengine.

Hii si kitu nimebuni kumtetea mtu. Wale wa Every Frame a Painting walifanya video nzima mwaka wa 2016 wakionyesha vile tempu imefanya muziki wa muvi za Marvel usikumbukike. Na historia yake ni ndefu kuliko Marvel. Mwaka wa 1968 Stanley Kubrick alikuwa ameajiri mtunzi mkubwa, Alex North, kwa 2001: A Space Odyssey. North akatunga. Okestra ikarekodi. Kubrick akaamua kubaki na tempu yake ya akina Strauss, Ligeti na Khachaturian, na North akaja kujua muziki wake umetupwa siku ambayo alienda kuona filamu imezinduliwa. Ebu fikiria umekaa kwa kiti, umevaa suti, umeleta watu wako, na unangojea kusikia kazi yako, na haiji. Haiji. Mpaka taa zinawashwa.

Hao ndio wanadai wanalinda ubunifu.

George Lucas alitaka nafasi iwe na muziki wa zamani, kwa hivyo Star Wars ya 1977 ilipita kwa tempu ya muziki wa klasiki. Ndiyo maana ukisikiliza John Williams mle ndani unasikia "Mars" ya Gustav Holst pale meli inapokaribia, unasikia Stravinsky kule jangwani, na ile tuni kuu inanukia Kings Row ya Erich Korngold ya 1942 mpaka inachekesha. Niliyasema haya yote kwa ile video niliyofuta, na yote ni kweli. Kile nilichosema uongo ni lile neno nyekundu. Kwa sababu Williams aliletewa meza ikiwa imeshaandaliwa, akakalia hapo hapo, na bado akatoka na kitu ambacho mtoto wa Kisumu ambaye hajawahi kusikia jina Korngold anaweza kukipiga mluzi. Hiyo si wizi. Hiyo ni mtu kupewa mifupa ya jana akatoa supu.

Mtaniambia, na James Horner je?

Horner ndiye aliyenipa wafuasi wengi, marehemu. Ana zile noti nne. Mkishazijua hamtaacha kuzisikia: ziko kwa Willow, ziko kwa Enemy at the Gates, ziko kwa Troy, ziko kwa Avatar. Adui akija, tarumbeta zinatoa zile noti nne. Na hazikuwa zake. Ziko kwa Simfoni ya kwanza ya Rachmaninoff, ile ilipigwa 1897 ikadharauliwa vibaya. Tuni ya Willow nayo inafanana na mwanzo wa Simfoni ya tatu ya Schumann ya 1850 kama pacha. Kwa Aliens ya 1986 kuna kipande kinachotoka moja kwa moja kwa Gayane ya Khachaturian, kile kile Kubrick alitumia.

Sitamtetea hapo kwa kila kitu. Nadhani kuna mahali Horner alikuwa mvivu, na kuna mahali alikuwa anatania wale wanaojua, na hatuwezi tena kumuuliza ipi ni ipi. Lakini kumbukeni Aliens. Alifika London kufanya kazi akakuta filamu bado haijamalizwa kukatwa, tarehe haisongi, na akatunga kwa wiki chache tu. Mtu akiwa na siku chache atatoa wapi? Atatoa kwa kichwa. Na kichwani kuna nini? Kuna yale alisoma. Hata wewe ukiambiwa uandike shairi kwa dakika tano litatoka likinukia yale uliyokariri kwa shule ya msingi.

Na ajabu ni kwamba kile alichotunga kwa haraka hiyo, ile sehemu ya mwisho ya Aliens wakati kila kitu kinataka kulipuka, kilitumiwa kwa matrela ya muvi nyingine miaka na miaka. Kila mtu alikichukua. Yaani mnayemwita mwizi ndiye aliyekuwa anaibiwa, ama niseme anaazimwa, mpaka akachakaa.

Zimmer ni mambo mengine. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu wafuasi wake ni kama wafuasi wa Gor Mahia, huwaambii kitu. Gladiator ya 2000, ile vita ya mwanzo: wenye kusimamia kazi za Holst walimpeleka mahakamani 2006 kwa sababu ya "Mars" tena. Holst maskini, kila mtu akitaka vita anaenda kwake. Halafu 2003 ikaja Pirates of the Caribbean. Mtunzi wa kwanza aliondoka, Zimmer alikuwa amebanwa na muvi nyingine, jina likaandikwa Klaus Badelt, na nyuma ya Badelt kukawa na kikosi kizima cha vijana wakiandika usiku na mchana. Ramin Djawadi alikuwa mmoja wao, yule ambaye baadaye alitunga Game of Thrones. Sikiliza ile vita ya Gladiator halafu sikiliza Pirates. Ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Mnashangaa nini? Ni nyumba moja, kompyuta zile zile, ngoma zile zile, mzee mmoja anapita mlangoni akisema ongeza besi.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho sijawahi kusema kwa hii ukurasa.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Mnapenda kunikumbusha kwa komenti, "hata digrii huna", sawa, sina. Karo ilinishinda. Lakini kabla ya kuacha, na baada ya kuacha, nilikuwa nakula kwa kuandikia watu wa ng'ambo insha zao. Wengi wenu mnajua hiyo kazi, msijifanye. Mtu wa Marekani analala, mimi niko macho Rongai na laptopu ya kukodi naandika kuhusu Hamlet. Jina linakuwa lake. Gredi inakuwa yake. Mimi napata dola chache kwa ukurasa, na ile programu ya kukamata wizi ikisema asilimia ni kubwa, mimi ndiye nakatwa pesa. Si yeye. Yeye ndiye ameleta mfano, ameandika "kama hii hapa", na ikifanana sana kosa ni langu.

Kwa hivyo nilivyoona ile picha ya skrini ya msichana, nilijiona mwenyewe. Ndiyo maana ilikuwa saa nane usiku. Mimi nilikuwa ile programu. Nilikuwa nahesabu asilimia ya kufanana na kumkata pesa mtu wa chini, na sikuwahi hata siku moja kuuliza nani alileta mfano.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nimekuwa mchungaji wa kusamehe kila mtu. Wizi upo.

300, muvi ya 2007, misuli na mikuki. Mtunzi ni Tyler Bates. Watu wakasikiliza wakasema hii ni Titus, ile ya 1999, kazi ya Elliot Goldenthal. Na haikuwa harufu tu, haikuwa hisia. Ilikuwa tuni, mpangilio, kwaya, vile inapanda na pale inapumzika. Mwishowe Warner Bros. wenyewe walitoa taarifa wakakiri kwamba baadhi ya muziki wa 300 ulitokana na wa Goldenthal, na kwamba wao hawakujua mapema. Huo ndio mfano naona unafaa kutumiwa kila mara, kwa sababu unaonyesha mpaka uko wapi. Msichana alichukua ala na mwendo. Kwa 300 kilichochukuliwa ni sentensi nzima zikiwa na nukta zake. Mtu hawezi kumiliki ogani. Hawezi kumiliki kupanda polepole, wala kordi mbili zinazobadilishana. Zingekuwa za mtu mmoja, kanisa zote za Kenya zingefungwa kesho. Lakini tuni yenyewe, noti hizi kwa mpangilio huu na mwendo huu, hiyo ina mwenyewe.

Ingawa hata hapo niulize: ile tempu ya 300 iliwekwa na nani? Studio isipojua, mhariri hakujua? Dairekta hakujua? Inakuwaje kila mara watu wote ndani ya chumba wanasikia isipokuwa wale wenye pesa?

Na kuna wale wanaoniambia sheria itaamua. Sheria gani? Mwaka wa 2015 jopo la mahakama huko Marekani liliamua kwamba "Blurred Lines" imechukua kutoka kwa Marvin Gaye, mamilioni ya dola, na watu wengi wa muziki wakaogopa kwamba sasa hata hisia inashtakiwa. Miaka mitano baadaye, 2020, kesi ya Led Zeppelin ikaisha upande mwingine. Mawakili wenyewe wanavutana. Holst alikufa 1934. Kwa sheria ya Uingereza kazi yake ililindwa mpaka mwisho wa 2004, kwa hivyo Gladiator ilipotoka ilikuwa bado na mwenyewe. Kwa sheria yetu hapa, miaka 50 baada ya kifo, ilikuwa huru tangu mwanzo wa 1985. Yaani noti zile zile, mwaka ule ule, kule London zina mwenyewe na hapa Nairobi ni za kila mtu. Halafu mtu anakuja kwa komenti ananiambia "wizi ni wizi". Si rahisi hivyo, bana.

Mnataka wizi wa kuwafanya mkasirike kweli? Nitawapa.

1939, Johannesburg. Msee anaitwa Solomon Linda anaingia studio ya Gallo na kundi lake, anaimba "Mbube". Haki zake zikaenda kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka maji, ukageuzwa jina, 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight" na ukazunguka dunia yote. 1962 Linda akafa maskini. 1994 Disney wakatoa The Lion King, na ndani yake Timon na Pumbaa wanauimba wakitembea msituni, na mnajua pesa ambazo muvi hiyo iliingiza. Majina yenyewe ni ya Kiswahili, Simba, Rafiki, Pumbaa, hakuna matata, lugha ya nyanya yangu. Ilibidi mwandishi Rian Malan aandike hadithi yote kwa Rolling Stone mwaka wa 2000, na familia ishtaki 2004, ndipo 2006 wakaelewana. Miaka 44 baada ya mzee kuzikwa.

Hiyo ndiyo nilipaswa kuifanyia video na neno nyekundu. Unajua kwa nini sikuifanya? Kwa sababu haina klipu mbili za kuweka kando kwa kando. Hakuna "sikiliza hii, sasa sikiliza hii". Wimbo haukufanana na wake, wimbo ULIKUWA wake. Wizi mkubwa hausikiki kwa masikio, uko kwa karatasi. Uko kwa nani ameandikwa na nani hajaandikwa. Kwa kila muvi kuna karatasi inayoorodhesha kila kipande cha muziki, dakika ngapi na nani alitunga, na mirabaha hufuata hiyo karatasi miaka yote. Jina lako lisipokuwa hapo, unaweza kuwa umetunga noti zote na usipate hata nauli.

Linganisha na Black Panther ya 2018. Ludwig Göransson, mzungu wa Uswidi, alipewa kazi ya Afrika ambayo haipo. Angeweza kukaa Los Angeles na kubofya sauti za ngoma kutoka kwa kompyuta. Alienda Senegali, akazunguka na Baaba Maal, akajifunza ile ngoma ya kuongea, tama, na akaja na sauti hizo pamoja na wapigaji wenyewe. Baaba Maal unamsikia, na jina lake unaliona. Alichukua? Ndiyo, alichukua sana. Lakini aligonga mlango kwanza.

Ndiyo maana sina shida na Stranger Things pia, kabla mniulize. Wale jamaa wawili walipenda John Carpenter na Tangerine Dream, na hawakuficha. Kufanana kwa mtu anayependa na kufanana kwa mtu aliyelazimishwa ni vitu viwili, na ukisikiliza vizuri unasikia tofauti. Wa kwanza anacheza. Wa pili anaogopa.

Msichana alikuwa anaogopa. Nimeirudia ile filamu, sasa nasikia. Kila mahali ogani inataka kwenda kwake yenyewe inarudishwa, kama mbuzi wa kamba.

Kwa hivyo, madairekta wa hapa kwetu. Ninyi ndio nawaongelea sasa, na wengi wenu mnanifuata, nawaona kwa orodha. Kila siku mko kwa paneli mkilia eti Wakenya hawapendi muvi zao, eti hatuna sauti yetu. Mtapata wapi sauti yenu kama mtunzi anaitwa wiki ya mwisho na anawekewa Zimmer mezani? Mnamlipa kaka wa kamera kwa siku, mnamlipa mwenye gari, mnalipa chapati za watu wote, halafu muziki ni "tutaona kitakachobaki". Na mkishtukiwa mnanyamaza. Yule wa filamu hii aliona video yangu. Najua aliiona kwa sababu aliipenda, jina lake lilikuwa hapo kwa likes siku ya pili. Aliona watu wakimchana msichana vipande kwa jambo aliloagiza yeye kwa maandishi, akabonyeza moyo akaenda kulala.

Sitasema ni nani. Alinipa ruhusa ya kusema mengine lakini si hilo, kwa sababu bado anatafuta kazi kwa mji huu mdogo.

Mkitaka kutumia tempu, tumieni. Sijasema mchome laptopu. Lakini mwiteni mtunzi kabla ya kukata picha, mpeni maandishi asome, aje aone mkipiga kamera, aseme "hapa nyamazeni, hapa hapahitaji muziki". Na mkimwambia afanye kama hii, andikeni majina yenu pia hapo chini: muziki umeigwa kwa amri ya fulani. Tuone nani atakuwa wa kwanza kulia kwamba amechafuliwa jina.

Na ninyi wa komenti, ambao niliwafunza mimi mwenyewe huo mchezo wa klipu mbili. Jana mmoja amenitumia klipu ya John Barry, Out of Africa ya 1985 na Dances with Wolves ya 1990, eti "Barry ameibia Barry, fanya video". Ndiyo, zinafanana, fidla zile zile zinavuta pumzi ndefu juu ya uwanda, na zote mbili zilimpa Oscar. Mzee alikuwa na njia moja ya kulia na alilia hivyo maisha yake yote. Nyanya yangu pia huimba kila kitu kwa tuni moja, za kanisa na za kubembeleza watoto. Nimwite mwizi?

Ingawa kuna siku hata kujirudia kuliitwa kosa. Nino Rota aliteuliwa kwa Oscar kwa The Godfather ya 1972, halafu wakagundua tuni alikuwa ameitumia 1958 kwa muvi ya Kiitaliano inayoitwa Fortunella. Wakamnyang'anya uteuzi. Miaka miwili baadaye ikaja sehemu ya pili, wakampa ushindi. Mkinielezea hiyo hesabu nitarudi chuo.

Sitafanya tena zile video. Najua wengine mtatoka, na mwezi ujao kodi itanikumbusha, na pengine nitatamani ningewaachia moja tu ibaki pale ikizalisha. Nimeshapoteza watu tangu usiku ule. Sawa.

Kile nitafanya ni hiki. Nilimuuliza msichana kama kabla ya ogani kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa. Kabla dairekta hajamtumia ile amri, alikuwa ametunga mwenyewe siku mbili za kwanza, kutokana na maandishi tu: mvua kwa mabati aliyorekodi na simu nyumbani kwao, ngoma moja, na sauti yake ikihemahema bila maneno. Dairekta alisikia sekunde ishirini akasema haisikiki kama muvi.

Ameniruhusu niiweke. Itakuwa kwa ukurasa wangu leo saa moja jioni, dakika 2 na sekunde 40, jina lake mwanzoni na akaunti yake chini, komenti zimefungwa siku mbili za kwanza kwa sababu nawajua. Nimeisikiliza mara tisa kwa earphone mbovu na bado.

Na dairekta, kama unasoma hii, na najua unasoma: ile nusu ya pili, 7,500, hajaipata.